Neno la Viazi Nyumbani Kwetu

Jumamosi, 6 Juni 1953
Daktari ametoka hapa sasa hivi. Moyo wa Baba umechoka, kasema, nisitegemee kumwona Krismasi. Alinieleza uani, kofia mkononi, huku Baba mwenyewe yuko ndani anapiga kelele kwamba chai imepoa. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Ndugu zangu wanne wako Boston. Mama yangu, Sabina, yuko makaburini, mwaka wa tatu huu. Na jirani yetu Thady Linnane ukimwambia neno asubuhi, adhuhuri limeshafika sokoni Ennistymon.

Jumapili, 7 Juni
Mvua. Baba hakuweza kwenda kanisani. Alikaa jikoni akisali kwa Kiayalandi, na nilipoingia akanyamaza.

Jumatano, 10 Juni
Leo amekuja kijana mmoja kwa baiskeli kutoka Dublin, Fintan Dillane jina lake, suruali imebanwa vifundoni na miwani imejaa matone. Anazunguka nchi nzima akiuliza wazee wanavyosema vitu vya kawaida, ili achore ramani ya maneno. Huku kwetu Clare wanaojua Kiayalandi wamebaki wachache, na katika mtaa huu ni wawili tu, Thady na Baba. Akawaweka wote wawili kwenye benchi la jikoni kwangu, akaanza kuwauliza kwa Kiayalandi. Baba akajibu.

Sijui niandikeje hili. Nina miaka arobaini na moja, sijawahi kutoka nyumba hii, na leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia baba yangu akisema kwa lugha yake mfululizo, anacheka, anapiga paja, anamkatiza Thady. Yeye na Mama walizungumza hivyo wakiwa peke yao. Sisi watoto tukiingia tu, wanahamia Kiingereza hapohapo, kama waliokuwa wakitusengenya. Ninachojua mimi ni namna ya kumfokea punda, na sala mbili nisizojua maana yake. Punda ameambiwa mengi kuliko mimi. Mgeni amekuja na baiskeli, hata kiti hajakipasha moto, na amepewa yote.

Nimeona wivu. Ndivyo ilivyo, wacha niandike.

Thady alikuwa akinitafsiria pembeni, kwa kujisifu. Yule kijana akachukua kiazi kimoja kapuni, akakiinua, akauliza kinaitwaje.

"Fata," Baba akasema.

Thady alicheka mpaka akakohoa, akasema kwa Kiingereza ili nami nisikie. "We Murty! Hilo ni la watu wa ng'ambo ya ghuba. Hapa ni práta. Baba yako práta, babu yako práta, na wewe mwenyewe ulikuwa unasema práta mpaka juzi."

"Juzi imepita."

Bwana Dillane akagonga meza kwa kalamu, naye akahamia Kiingereza. "Mzee, kweli neno hilo si la hapa. Mimi natafuta la hapa."

"Umeniuliza nasemaje. Nimekujibu."

Mama ndiye aliyekuwa wa ng'ambo. Baba yake alikuwa akileta vipande vya mboji iliyokaushwa, kuni zetu za huku, kwa mashua kutoka Connemara, na binti akishikilia kamba, na ndivyo Baba alivyompata. Zaidi ya miaka arobaini Thady alimtania Mama kwa maneno yake ya kule, na Mama hakuacha hata moja. Jioni nilimuuliza Baba tangu lini amehamia neno la Mama. Akaniambia nimwangalie kuku.

Alhamisi, 11 Juni
Mvua.

Jumatatu, 15 Juni
Leo nimepiga dawa viazi, mrututu, lile jiwe la buluu, na magadi, pampu mgongoni. Hewa ni ya joto na unyevu, hewa ya ukungu, ule ugonjwa wa viazi, na ukishika jani tumekwisha. Bwana Dillane akaja kujitolea kuchota maji. Ana vidole ambavyo havijawahi kuona kinyesi cha ng'ombe. Baada ya ndoo tatu alikuwa wa buluu mpaka masikioni.

Nikamuuliza ilikuwaje Mama awe na neno lake na Thady awe na lake. Akafurahi, mkono unachuruzika, akanieleza kwamba ni neno moja. Lilianzia visiwa vya upande wa pili wa bahari kuu, Wahispania wakalisikia batata, mabaharia wakalibeba pamoja na kiazi chenyewe. Lilipofika kwetu lilikuwa na p. Sasa katika Kiayalandi neno likitanguliwa na maneno fulani, herufi yake ya kwanza hulainika, p ikawa f. Upande wa akina Mama inaelekea ile f ilikaa ikazoea, watu wakasahau p. "Ndivyo tunavyodhani," akasema.

"Kwa hiyo na lenyewe ni geni."

"Bi Delia, karibu kila kilichomo kwenye sufuria yako ni kigeni. Na wewe unakiitaje?"

"Naita kiazi, kwa Kiingereza. Ndivyo walivyonifunza."

Hakuandika kitu. Amenieleza kwa adabu kwamba anaandika wale tu waliopewa lugha na wazazi wao. Nilijua. Bado imeniuma.

Jumanne, 23 Juni
Dillane ameenda kusini. Kuhusu viazi, kwenye ramani ameweka jibu la Thady. Thady anatembea kama aliyeteuliwa kuwa askofu.

Alhamisi, 2 Julai
Viazi vya mwaka jana vimekwisha. Sasa ni kabichi mpaka vipya vije. Kila nyumba ni vivyo hivyo, wala hakuna anayelalamika.

Nimepiga dawa mara ya pili.

Alhamisi, 9 Julai
Mvua. Baba ameacha nusu ya chakula.

Jumatano, 15 Julai
Mvua. Ameacha chote. Anaongea na mimi mambo ya kuku, ya lango, ya bei ya ndama. Nilikaa karibu naye mchana kutwa nikingoja aniambie hata neno moja la kwake. Mtu akifa na lugha kifuani inazikwa naye, na mimi ndiye niliyebaki ndani ya nyumba nikibeba sahani.

Ijumaa, 17 Julai
Leo nimefanya jambo, na sijui kama ni baya au ni jema.

Asubuhi Baba alisema, macho yamefumbwa, kwamba labda angeweza kumeza kiazi kipya. Kimoja tu, na chumvi. Ni siku ya kwanza wiki nzima kutamani kitu. Sasa, kwetu hapa hakuna anayetia jembe kwenye matuta kabla ya Jumapili ya mwisho ya Julai. Anayechimba mapema ametangaza kwamba njaa imeingia kwake. Na shina la kwanza hulichimba mwenye nyumba kwa mkono wake. Mkono wa mtu mwingine ukitangulia, maana yake ni kwamba mwenye nyumba hayupo tena. Nayajua haya tangu utotoni. Nikachukua jembe uma, nikaenda kwenye tuta la nyuma ya ukuta ambako sionekani, nikachimba shina moja.

Nilionekana. Nilipoinua kichwa, Thady alikuwa barabarani amevua kofia, ameibana kifuani. Nikadhani ananisuta. Sikumsemesha. Nikaondoka na viazi vyangu kwenye aproni.

Nimevichemsha, vidogo, ngozi inavuka kwa kidole. Baba akaketi mezani peke yake bila kushikwa. Hata hajauma, mlango ukafunguliwa. Wakaingia jirani zetu Bi Nonie Garrihy na dada yake, mkate, mishumaa na shuka nyeupe mikononi, na Thady nyuma yao, kofia bado kifuani. Wakamwona Baba ameketi na uma.

Baba akawatazama mmoja mmoja.

"Nani amekufa?"

"Wewe," Thady akasema. "Ashukuriwe Mungu." Kisha akaona alivyosema, akawa mwekundu. "Nilimwona Delia anachimba, Murty. Ungekuwa wewe ungedhani nini?"

Baba akatazama sahani. Nadhani mpaka hapo hakuwa ameviona vile viazi, alikuwa amesikia harufu tu. Akaweka uma chini, akanigeukia, na akaanza. Alinigombeza kwa Kiayalandi.

Alinigombeza vibaya mno, amesimama, ngumi juu ya meza, uso umepata damu ambayo sijaiona tangu Pasaka. Nilishika maneno matatu tu. Jina langu, viazi, na lile la punda. Mengine yalinipita lakini sikuhitaji mkalimani. Nonie aliinamisha kichwa. Nikasimama nimeshika kitambaa cha vyombo, machozi yananitoka, na kwa kweli sikutaka aache.

Akaacha. Akasikia alichokifanya. Akaketi, akafuta mdomo, akasema kwa Kiingereza taratibu sana, "Samahani, Delia. Nilimwapia mama yako." Wale wanawake wakaweka mkate mezani na kuondoka na mishumaa yao.

Viazi hakuvigusa. Nimempa kuku.

Jumapili, 19 Julai
Nimemuuliza kiapo gani. Nilifunga mlango kwa komeo ili Thady asiingie.

Mama alikuwa na kaka, Beartla. Alikwenda Boston akiwa na miaka kumi na tisa, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Akapata kazi ya kuchimba mitaro ya mabomba. Siku moja udongo ukaanza kumong'onyoka, wenzake wakampigia kelele atoke. Akainua kichwa akawatabasamia. Hakuelewa. Waliomtoa ndio walioleta habari. Siku ya ubatizo wa dada yangu mkubwa, Mama akamshika Baba mkono kanisani, akamwapisha kwamba hawatamsemesha mtoto wao yeyote ila kwa Kiingereza, kwa sababu wote wataondoka.

"Nasi tukalishika hilo," Baba akasema. "Mama yako aliwanyonyesha watano bila kuwaimbia. Unadhani ilikuwa rahisi?"

"Mimi sikwenda popote, Baba."

"Najua."

"Nilibaki hapa."

"Kila mwaka nilidhani utakwenda."

Nikamwambia nina hasira. Sijawahi kumwambia mzazi wangu neno kama hilo. Nikamwambia nimeishi kwenye nyumba hii kama mpangaji, nikisikiliza watu wakicheka upande wa pili wa ukuta. Nikamwambia, "Punda ulimpa."

"Punda hakuwa na safari ya Boston," akasema, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi mpaka nikamshika mgongo.

Alipotulia nikamuuliza kuhusu fata. Akavuta blanketi magotini. "Mama yako alipokufa, hapakuwa na mwingine wa kulisema hapa. Nikaona nilichukue mimi. La kwangu Thady analo."

"Basi nipe na mimi."

"Sina pumzi ya kukupa yote, mwanangu. Labda ya shambani tu."

"Nitachukua ya shambani."

Jumapili, 26 Julai
Ndiyo Jumapili yenyewe. Jua. Nimekibeba kiti cha jikoni mpaka kichwa cha tuta, kisha nikamleta Baba, hatua kidogo, pumziko. Akashika jembe uma kwa mikono yake miwili, akaweka mguu, akaegemea. Halikuzama. Nikaweka mguu wangu juu ya wake. Likazama. Viazi vikatoka vyeupe, Thady kule ukutani akavua kofia tena, safari hii akaipunga.

Kisha tukaanza. Ananiambia, narudia, ananitukana. Nilidhani nitapewa neno nilitie mfukoni, kumbe halitulii. Kikiwa kimoja ni fata. Vikiwa vingi mwisho wake unarefuka. Ukisema unavichimba, ile f inakufa kabisa, unabaki na mwanya. Ukisema kapu la viazi, ile f inakuwa v. Nikamuuliza kwa nini.

"Sijui kwa nini. Ukisema vingine sikio linauma."

"Nitajuaje basi?"

"Litakuuma."

Thady akapaza sauti. "Unamfundisha ya ng'ambo, Murty! Atachekwa hapa!"

"Na achekwe!" Akanigeukia. "Tena. Umeliua hilo. Tena."

Tumekula viazi na siagi na maziwa ya mgando. Alikula viwili.

Alhamisi, 30 Julai
Nimejifunza kapu, tuta, shina, udongo mkavu, udongo unaonata. Ananisahihisha hata nikiwa nakamua.

Jumatano, 12 Agosti
Ukungu umeingia. Usiku wa mvua ya joto, na asubuhi majani ya tuta la chini yana madoa meusi, na ile harufu. Baba aliisikia kitandani kabla sijamwambia. Nimekata mashina yote ya tuta hilo chini kabisa, nimeyachoma, ili usishuke kwenye viazi. Baba amesimama dirishani akinielekeza kwa sauti, kwa Kiayalandi, haraka, na sikuwa na wakati wa kufikiri, nilifanya tu. Nilipofika mwisho wa tuta ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nikimwelewa.

Leo pia nimejua neno la kuoza.

Alhamisi, 20 Agosti
Bwana Dillane amerudi. Maswali yake kwa Baba hayajakwisha, yamebaki mengi, na Thady hajui yote. Akamwona Baba alivyokonda, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mzee, nipe saa moja kila siku. Ni kwa ajili ya nchi nzima."

"Kijana, pumzi niliyonayo ni ya mtu mmoja." Akanielekezea kidole.

Nilikuwa nikiingoja siku ya kumwona huyu kijana akinyimwa. Ilipofika sikuifurahia. Nikamtoa nje, nikamwambia kama anataka, aje shambani anisaidie kupalilia tuta la juu wakati Baba yuko kwenye kiti. Akisikia, amesikia.

Amekuja. Amepalilia mpaka mikono imechubuka, na hakutoa kalamu. Baba alikuwa akinishambulia kwa sababu nimelikosea tena lile kapu la viazi. Dillane akaniambia kwa sauti ndogo, "Una bahati."

"Ya kutukanwa?"

"Mimi nimelisoma hilo vitabuni. Nilifaulu kuliko wote. Hakuna mtu aliyewahi kunigombeza kwa lugha hii."

Nilimpa maziwa, nikamfunga mikono kitambaa. Sikuwa nimemtazama vizuri mwezi wa Juni. Ni mtoto wa watu tu, anatafuta kama mimi.

Jumapili, 6 Septemba
Baba hatoki tena nje. Tunasema viazi kitandani. Nikileta kapu, anavishika kimoja kimoja.

Jumatatu, 14 Septemba
Nilimuuliza maneno ya mambo mengine. Ya huzuni, ya kushukuru. Akatikisa kichwa. "Hayo tulikuwa hatuyasemi sana hata sisi." Kisha akalala.

Jumanne, 29 Septemba
Mvua.

Ijumaa, 9 Oktoba
Kumekauka. Thady, Nonie na dada yake wamekuja kuchimba nami bila kuitwa. Tuta la chini tumelipoteza, yaliyobaki ni mazima. Nonie ameniomba radhi kwa ile shuka. Nikamwambia airudishe tu kabatini, asiipeleke mbali.

Jumatano, 21 Oktoba
Tumemzika Baba jana, kando ya Mama.

Naandika ya Jumamosi, maana tangu hapo sijashika kalamu. Tulikuwa tumemaliza shimo la kuhifadhia viazi asubuhi ile, nyasi kavu juu, udongo juu ya nyasi. Thady alikwenda kumwita padri. Mimi nikaingia kwa Baba na mikono yangu ya udongo, sikuwahi hata kunawa, kwa sababu nilisikia pumzi yake imebadilika.

Macho yake yalikuwa wazi. Nilisema "Baba" kwa Kiingereza, hakugeuka. Nikamwambia nampenda, kwa Kiingereza. Akawa anatazama dari kama mtu anayesikia kelele za mbali, na nikaogopa kwamba kelele hizo zinamwambia afanye jambo na hajui ni lipi.

Nilitafuta ndani yangu lile la kumwambia kwa lugha yake. Sikuwa nalo. Watu wana maneno ya kumwambia mzazi saa kama ile, mimi nilikuwa na ya shambani. Kwa hiyo nikasema hayo. Nikamwambia viazi vimetoka. Nikamwambia ni vikavu, ni vizima, makapu thelathini. Nikamwambia vimefunikwa, baridi haitavifikia. Kwenye makapu ya viazi nilihisi kitu sikioni nikajirekebisha mwenyewe, nikalisema tena vizuri.

Akageuza kichwa. Alinitazama mimi, Delia, sikuwa Mama machoni pake wala mwingine. Akatazama mikono yangu. Akanijibu kwa Kiayalandi maneno ambayo hakuwahi kunifundisha, kwa sauti ya mtu aliye jikoni kwake.

Aliniambia nikae, kwamba nimechoka.

Nilielewa yote. Nikavuta kigoda, nikakaa.